Je, Wajua? Bushi ya Shafti: Kipande cha Kiganjani, Bili ya Winchi

Je, wajua kwamba chini ya mashua ya tanga yenye injini, kule tezi, karibu kabisa na propela, kuna kipande cha bomba cha urefu wa kiganja ambacho kikichoka, chombo kizima hutetemeka hadi vikombe vya chai vikagongana kabatini? Hiyo ndiyo bushi ya shafti. Nje ni shaba, ndani ni mpira mweusi wenye mifereji. Propela angalau ina jina lake la kamusi, rafadha. Bushi bado inaitwa bushi, na mafundi hawajalalamika.

Je, wajua kwamba bushi hii haitaki grisi wala oili? Kilainishi chake ni maji ya bahari. Shafti ikishika kasi huyavuta maji chini yake, ikapanda juu ya utando mwembamba na kuacha kuugusa mpira. Ndiyo maana kuzungusha propela kwa injini wakati chombo kiko nchi kavu, hata kwa muda mfupi, hata kwa kisingizio cha "naangalia tu kama giya inaingia", ni kuuchoma mpira wenyewe.

Na mifereji ile ni ya nini? Ni ya mchanga. Punje ikiingia kati ya shafti na chuma kitupu, itakwaruza usiku na mchana. Ikiingia kwenye mpira, mpira unabonyea, shafti inaiviringisha punje hadi kwenye mfereji wa karibu, na maji yanaifukuza nje.

Je, wajua kwamba ubunifu huu haukuzaliwa baharini? Ulizaliwa mgodini, California, miaka ya 1920. Mhandisi wa migodi, Charles Sherwood, alikuwa akisumbuliwa na pampu iliyokula beringi za chuma moja baada ya nyingine, kwa kuwa maji ya mgodi yalijaa mchanga. Akajaribu kuweka kipande cha bomba la mpira mahali pa beringi, kikadumu kuliko chuma. Kampuni ya B.F. Goodrich, hii hii tunayoijua kwa matairi, ikalichukua wazo na kulipeleka kwenye meli. Jina la biashara likawa Cutless, kwa maana ya kitu kisichokatika. Mabaharia wengi wa Kiingereza huliandika Cutlass, ambalo ni jina la upanga, na kosa hilo limezeeka kiasi kwamba hata baadhi ya wauzaji wanalo.

Je, wajua kwamba kabla ya mpira kazi hii ilifanywa na mti? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Meli za kwanza za propela zilikuwa na beringi za shaba na chuma, zikilika kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1854 mhandisi wa Greenwich, Uingereza, John Penn, alipata hataza ya kupanga vipande vya mti wa lignum vitae kuizunguka shafti, akiacha nafasi za maji kupita kati yake. Mti huo wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati ni mzito kuliko maji. Ukiutupa baharini unazama. Ndani yake una utomvu wa mafuta unaojilainisha wenyewe. Msomaji wa huku atafikiria mpingo mara moja, na kwa uzito hajakosea, kwa kuwa mpingo nao huzama. Kwa ukoo, hata hivyo, wako mbali: mpingo uko upande wa kunde, na lignum vitae ni wa familia moja na mbigili, ile miiba inayotoboa kandambili. Ua lake ni ua la taifa la Jamaika, na mti wenyewe ni mti wa taifa la Bahama. Uliendelea kubeba shafti hadi zama za nyuklia: manowari ya Marekani USS Nautilus, iliyoshuliwa mwaka 1954, ilikuwa na beringi za mti huo. Leo biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo usitegemee kuupata kwa fundi seremala.

Je, wajua kipimo cha kukumbuka dukani? Urefu wa bushi ya mpira kwa kawaida ni mara nne ya kipenyo cha shafti. Shafti ya inchi 1, bushi ya inchi 4. Kipenyo cha nje ndicho chenye mitego, kwa sababu shafti moja ya inchi 1 inaweza kuvaa bushi ya inchi 1 na robo, inchi 1 na nusu, au inchi 2. Pima vyote viwili, cha ndani na cha nje, kabla ya kutoa hela.

Halafu kuna inchi na milimita. Shafti ya inchi 1 ni milimita 25.4, na vyombo vingi vya Ulaya vina shafti ya milimita 25. Tofauti ni 0.4 tu, chini ya unene wa kadi ya benki. Mimi mwenyewe nilishawahi kuuziwa ya 25 dukani, muuzaji akinihakikishia kwamba inchi na ishirini na tano ni mtu na nduguye. Ndugu hao hawakukubali kulala kitanda kimoja. Tuliipaka sabuni, tukaisukuma, tukaisihi. Ilipokubali kuingia kidogo ikakwama, na bushi mpya ikaharibika kabla haijaonja chumvi.

Je, wajua kwamba huhitaji kipimo chochote cha kompyuta kujua bushi imekwisha? Chombo kikiwa kimepandishwa, shika shafti karibu na propela kwa mikono miwili, itikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Nzima itakupa mchezo mdogo sana, wa kuhisiwa zaidi ya kuonekana. Iliyochoka inagonga: ko, ko. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba, kwa shafti ya inchi 1, mchezo ukifika sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita 1.6 hivi, bushi itoke. Baharini dalili ni mtetemo unaozidi kwenye mizunguko fulani ya injini, mngurumo chini ya sakafu ya tezi, na maji kuvuja kupita kawaida kwenye glandi, pale shafti inapoingia chomboni, kwa kuwa shafti inayoyumba hupanua utambi unaozuia maji hapo.

Je, wajua kwamba bushi ya zamani ina ushahidi na haifai kutupwa kabla haijahojiwa? Ikate katikati, uitazame ndani. Ikiwa imelika sawasawa pande zote, imezeeka kwa heri. Ikiwa imelika upande mmoja tu, au juu kwa mbele na chini kwa nyuma, injini na shafti haviko kwenye mstari mmoja, pengine kwa sababu raba za kukalia injini zimelegea na kuididimiza. Mpira ukiwa umeungua na kung'aa, umekosa maji, tafuta kilichoziba. Ukikuta uzi wa nailoni wa kuvulia umejisokota, basi hongera, umejua. Kubadili bushi bila kusoma ushahidi huu ni kuzika bila kuuliza marehemu aliugua nini, na ya pili itakufa vivyo hivyo.

Sasa hela.

Je, wajua kwamba bushi yenyewe ndiyo kitu cha bei ya chini kabisa kwenye bili? Chukua mfano wa chombo cha futi 35 kwenye yadi za pwani ya mashariki ya Marekani. Bushi ya inchi 1 huuzwa kati ya dola 50 na 120 hivi, tuseme 80. Winchi ya kukitoa na kukirudisha majini hutozwa kwa futi: kwa dola 15 kila futi, hiyo ni 525. Fundi kwa dola 120 kwa saa, saa sita, ni 720. Jumla 1,325. Katika kila dola 100 unazolipa, bushi imekula sita tu. Zilizobaki ni za kuifikia. Na hapo hakuna kilichokataa kutoka.

Ndiyo maana wenye busara ya mfuko huibadilisha bushi chombo kinapopandishwa kupakwa rangi, hata kama bado ina miezi michache ya uhai. Winchi imeshalipwa. Wanaosubiri hadi ianze kunguruma katikati ya msimu humlipa mwenye winchi mara mbili, naye hana kinyongo.

Je, wajua vitu vinavyoifanya bili ipande usiku mmoja? Kaplingi, yaani sahani mbili zinazounganisha shafti na giaboksi: ikikaa miaka ishirini bila kuguswa, kutu huichomea. Msukani: katika vyombo vingi umekaa nyuma ya propela moja kwa moja, shafti haina njia ya kutokea, na inabidi msukani nao ushushwe. Wabunifu wengine walilijua hilo, wakaiweka shafti pembeni kidogo au wakatoboa msukani. Ukiwa na chombo cha namna hiyo, wanunulie chai. Cha tatu ni shafti yenyewe. Ikiwa imechimbika pete mahali bushi inapokaa, bushi mpya juu yake itakwisha upesi, na shafti mpya ya stenlesi ni mamia ya dola, kabla ya kaplingi.

Je, wajua kwamba kuna njia zaidi ya tatu za kuitoa, na mabaharia hugombana kuzihusu kama watu wa mpira wa miguu?

Ya kwanza ni ya kistaarabu: propela inatoka kwa pula, kaplingi inafunguliwa, shafti inavutwa nje, na bushi inasukumwa kutoka ndani ya braketi inayoishika. Kaplingi ikikaidi, mafundi huweka soketi ndogo katikati ya sahani mbili, wakafunga bolti ndefu kuzunguka na kukaza kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, hadi sahani iikamue shafti itoke. Nyundo kwenye kaplingi ni mwiko, kwa kuwa pigo lote linaingia kwenye beringi za giaboksi.

Ya pili ni ya bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, nati mbili, na vipande viwili vya bomba: kimoja kipana cha kupokea bushi inayotoka, kingine chembamba cha kuisukuma. Unakaza nati kwa spana, bushi inatembea. Hakuna kelele.

Ya tatu ni ya kifaa maalumu kinachokaa juu ya shafti bila shafti kutolewa. Propela tu ndiyo inatoka. Hufaa pale bushi iliposhikwa na braketi inayoning'inia nje ya chombo, ambapo kuna nafasi mbele na nyuma. Bushi ikiwa imezama ndani ya bomba la tezi, kifaa hakina pa kushika. Bei yake ni mamia ya dola, kwa hiyo kukikodi au kukiazima kwa jirani ni jambo la kawaida.

Ya nne ndiyo ya kwetu sote: msumeno wa chuma. Shafti imeshatoka. Unafungua ubapa wa msumeno, unaupitisha ndani ya bushi, unaufunga tena kwenye fremu, unaanza kukata kwa urefu. Mwanzoni linatoka vumbi jeusi la mpira. Kisha unga wa njano, ndiyo shaba ya bushi. Hapo punguza nguvu. Katika bushi ya inchi 1 kwa inchi 1 na robo, ukuta mzima, mpira na shaba pamoja, ni milimita 3.2. Ukivuka hapo unakata braketi ya chombo, na braketi haiuzwi kwa dola 80. Nilimtazama fundi mmoja mzee akifanya kazi hii: kila baada ya misukumo kumi alisimama, akaingiza kidole cha shahada, akapapasa mfereji aliochonga, akafuta kidole kwenye kaptula na kuangalia rangi. Hakutumia tochi. Alipofika karibu akaacha msumeno, akapiga patasi nyembamba kwa kisigino cha mkono, bushi ikajikunja kwa ndani kama ganda la mua na kutoka yenyewe. "Mwanangu," akaniambia, "mwisho wa kukata usiukate."

Kabla ya njia yoyote kati ya hizo, tafuta skrubu. Pembeni mwa braketi huwa kuna skrubu moja au mbili ndogo zisizo na kichwa zinazoibana bushi isizunguke, na mara nyingi zimefichwa na rangi za miaka. Watu wamevunja braketi kwa kuvuta bushi ambayo bado imefungwa.

Je, wajua kwamba friji ya nyumbani ni kifaa cha karakana? Ilaze bushi mpya usiku kucha kwenye friza. Shaba ya kipenyo cha inchi 1 na robo ikishuka kutoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri hupungua karibu milimita 0.03. Utasema ni kitu gani hicho. Ndiyo tofauti ya kusukuma kwa mkono na kusukuma kwa nyundo. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usipake grisi, na ufanye haraka, kwa sababu katika joto letu unafuu wa friza hauchukui dakika nyingi.

Je, wajua kwamba chombo cha alumini au chuma hakitakiwi kuvaa bushi yenye ganda la shaba? Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri, na inayoliwa ni mwili wa chombo. Huwekwa ganda la plastiki ngumu au faiba. Hata shaba ya njano peke yake ina ugonjwa wake: zinki iliyomo hutoka taratibu, shaba ikabaki na rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti.

Je, wajua kwamba huku kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, winchi inaweza kuwa ni mwezi? Siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati mwingine kukaribia 4. Unakiingiza chombo alfajiri maji yakiwa yamejaa, unakiegemeza kwenye nguzo imara, na yanapokupwa kinakaa chini taratibu juu ya mkuku wake. Kwa Mombasa na Dar es Salaam, maji ya bamvua hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mchana mweupe, na unapata masaa manne matano ya kufanya kazi ukiwa umesimama mchangani. Waingereza na Wafaransa wa upande wa Saint-Malo, ambako maji hupanda mita 12 na zaidi, hufanya hivyo hivyo.

Ila chagua siku. Ingia bamvua likiwa bado linapanda, siku moja au mbili kabla ya kilele. Ukiingia baada ya kilele, kila maji yanayokuja ni madogo kuliko yaliyopita, na chombo chako kitakaa pale kwa maji mafu, kikitazamwa na watoto na mbuzi, hadi bamvua lijalo, wiki mbili baadaye. Na kama shafti lazima itoke, hakikisha umeshaandaa kizibo cha mbao. Tundu la milimita 32 lililo nusu mita na ushee chini ya maji huingiza karibu lita 100 kwa dakika. Bahari hairudi kwa saa yako.

Je, wajua kwamba baada ya kushua, kazi bado? Mstari wa injini na shafti haupimwi nchi kavu, kwa sababu mwili wa chombo hubadilika umbo kidogo kikielea. Acha kikae majini siku moja au mbili, kisha fungua kaplingi na upime nafasi kati ya sahani kwa fila, zile bapa nyembamba za kupimia, juu, chini, kushoto, kulia. Tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo: sahani ya inchi 4, sehemu nne za elfu, yaani milimita 0.1.

Na kama badala ya utambi wa kawaida una sili ya kisasa isiyodondosha maji, aina isiyo na bomba la kutolea hewa, lazima uibeulishe kama mtoto aliyetoka kunyonya: ibonyeze nyuma kwa vidole hadi hewa itoke na maji yaingie. Isipobeua, itazunguka kavu. Wengi hulisahau hili, wakaunguza sili ya bei kubwa kwa ajili ya bushi ya bei ndogo.

Je, wajua kwamba vyombo vingi vipya havina bushi hii kabisa? Vina mguu unaoshuka moja kwa moja kutoka kwenye injini kupitia sakafu, na badala ya bushi vina duara kubwa la mpira linalozuia bahari kuingia. Volvo Penta hushauri duara hilo libadilishwe kila baada ya miaka saba. Bili yake sitaki hata kuianza.

Basi chombo chako kikipandishwa safari ijayo, kabla rangi haijafunguliwa na kabla winchi haijaondoka, nenda tezi ukaitikise shafti. Ikigonga, kazi unaijua. Na siku ya kukishua, hesabu skrubu zile ndogo za braketi: kama mbili zilitoka, mbili zirudi.